Mama Mkwe Anauliza Miguu Iko Wapi

Kamera yangu ya kwanza niliachiwa na daktari mgeni aliyemaliza mkataba wake hospitali ya wilaya. Alikuwa anafunga mizigo, akaona jinsi ninavyoitazama, akanipa pamoja na mkoba wake wa ngozi na mafunzo ya haraka haraka: jua liwe mgongoni mwako, na mikono isitetemeke. Nilikuwa nesi kijana, mgeni Mpanda, natokea Unyamwezini. Jumamosi zangu za mchana hazikuwa na kazi zaidi ya kufua sare na kusikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Nikaanza kupiga picha. Nilipiga ndoo zimepangwa foleni bombani, nikapiga paka wa stoo ya dawa, nikampiga mpishi wa wodi amekakamaa mkono ubavuni utadhani yuko kwenye gwaride. Picha zilipokuja nikagundua sina wa kumwonyesha. Wenzangu kazini waliishika picha, wakatafuta kama wao wamo, walipoona hawamo wakanirudishia.

Mikanda ya picha siku hizo ilikuwa inasafishwa Tabora. Unaipeleka stesheni, inaondoka na treni, halafu unakaa na subira yako. Karani wa stesheni ndiye aliyekuwa anapokea bahasha na kuzikabidhi kwa mtu anayemwamini kwenye behewa la mizigo. Nilipompelekea mkanda wa tatu akaniuliza kama nafanya biashara ya picha. Nikamwambia hapana, napenda tu. Akasema kuna watu wengine watatu mjini wenye ugonjwa huo, na yeye ni mmojawapo, na kwamba wanakutana Jumamosi alasiri kwenye baraza ya bwana shamba.

Nilikwenda. Bwana shamba alikuwa Mfipa mrefu, mpole wa maneno, miwani yake imefungwa waya kwenye bawa moja. Yeye alipiga mimea: jani la mhindi lililotobolewa na wadudu, udongo uliopasuka, mto Katuma umejaa hadi kwenye matete. Karani alipiga watu wanaosafiri, hasa wale wanaochungulia madirishani treni ikianza kujivuta. Wa tatu alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, mtu mfupi mchangamfu, ambaye hata akitoka kuoga vumbi la pumba halikumtoka kwenye nyusi. Fundi alikuwa anampiga picha mke wake. Hakupiga kingine chochote.

Siku ile ya kwanza karani aliweka mezani picha ya treni. Nami, kwa kuwa hospitalini tumezoea kusema kidonda ni kidonda, nikauliza kama ile ni treni au ni ukuta wa ghala, maana sioni mwanzo wala mwisho wake. Karani akainyanyua picha yake akaipangusa kwa mkono wa shati, kama vile swali langu limeichafua. Bwana shamba akanieleza utaratibu wao.

“Nesi,” akasema, “ukiingia shamba la mtu, huanzi na magugu. Unaanza na kilichoota. Ukishamwonyesha kilichoota, ndipo mnayatazama magugu pamoja. Lakini magugu nayo uyaseme, usije ukaondoka umeyaacha.”

Nikairudia ile picha ya karani. Nikaona kuna mkono wa mwanamke umetoka dirishani, vidole vimefunguka, na nikasema mkono ule ni mzuri, unatosha wenyewe, haya mabati yote yanayouzunguka ndiyo yanayoumeza. Karani akaivuta picha kwake, akaitazama upya. Mwezi uliofuata alileta mkono mwingine, mkubwa, umejaza picha, na kwa mbali nyuma yake mtu kwenye jukwaa la stesheni anapunga. Tuliitazama kwa muda mrefu sana. Nadhani hapo ndipo nilipokubaliwa kuwa mwenzao.

Tabu yetu ilikuwa kwa fundi. Kwenye kila picha mke wake alikuwa amesimama mbele ya nyumba, miguu imebanana, mikono imeshuka, uso hauna habari. Wiki hii amesimama, wiki ile amesimama. Nguo zilibadilika, lakini mama hakusogea. Kilichoota ni kipi pale? Tulisifu khanga. Tulisifu ua uliofagiliwa. Mwisho bwana shamba akamwambia kwa upole kwamba yule shemeji yetu tunamwona kwa mbali mno, mbona asisogee karibu, uso wake ukajaa kwenye picha tukamjua?

Fundi alikuwa mtu wa kushika maneno. Akasogea karibu. Picha ikaja nzuri kwa kweli: macho ya yule mwanamke makubwa, na alama ndogo ya chanjo begani ambayo hatukuwahi kuiona. Tukampongeza, naye akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Baada ya majuma mawili alifika barazani akiwa mnyonge. Tukamuuliza kulikoni, ndipo akatueleza jambo ambalo siku zote hakulisema.

Mke wake alimtoa Kapalamsenga, kule kwenye mwambao wa ziwa. Mama mkwe hakufurahia binti yake kupanda milima kuja kuishi bara, kwenye mbung'o na watu asiowajua. Aliridhia kwa sharti moja: kila lori la dagaa linaporudi ziwani, limletee sura ya mwanawe aione kwa macho yake. Fundi akatafuta kamera kwa sababu hiyo tu. Kila picha tuliyoipitia pale barazani ilikuwa inashuka ziwani na lori, na kila mara utingo wa lori alirudi na majibu. Mama mkwe hakuandika. Alimwambia utingo, na utingo, mtu mzima mwenye ndevu na koo pana, aliyafikisha maneno vilevile na kwa sauti ileile, akiwa amesimama mlangoni pa mashine mbele ya wateja na magunia yao.

Safari hiyo ujumbe ulikuwa: “Mama mkwe anauliza miguu iko wapi.”

Karani alicheka mpaka akainama. Bwana shamba hakucheka. Aliivua miwani, akaifuta, akasema tatizo ni letu, sisi ndio tuliosema asogee. Tukashauriana. Tukakubaliana arudi nyuma kidogo, miguu ionekane, ila atafute mwanga wa pembeni badala ya jua kali la usoni linalomkunjisha mwenzake macho. Amsimamishe karibu na mlango jioni. Fundi akashika na hilo.

Picha ile ya mlangoni, mimi naiona hadi leo. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeangazwa na upande mwingine umo gizani, na ule utulivu wake tuliouona siku zote kama ukavu sasa ulionekana ni mtu anayewaza jambo lake. Hata miguu ilikuwepo. Bwana shamba alisema haoni gugu hata moja, na maneno hayo hakuwahi kuyasema kabla.

Lori likashuka na lori likarudi. Utingo akasimama mlangoni pa mashine na kutangaza kwamba mama mkwe ameona nusu ya uso wa mwanawe imekuwa nyeusi, anataka kujua ameungua au amepigwa.

Hili fundi hakulichekea. Wateja walikuwepo, na maneno ya namna hiyo yakishasikika hayarudi. Alifunga mashine mapema siku hiyo. Karani, akitaka kumsaidia, akampa wazo kwamba labda wakati umefika wa kuacha kumsimamisha: ampige akiwa kazini, anacheka na jirani, anapika, aonekane mzima na mwenye raha. Fundi akampiga akipuliza moto jikoni. Jibu lililokuja lilikuwa refu kuliko yote. Mama mkwe alisema yeye alitoa binti, hakutoa kuni. Akasema pia anajua mkwe wake hana akili za kufanya mambo haya peke yake, kuna watu wanamfundisha, na watu hao waje awaone.

Jumamosi iliyofuata mke wa fundi alikuja mwenyewe. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumwona akitembea. Alikuwa na ujauzito ulioanza kuonekana, na kinyume na picha zake zote alikuwa mcheshi, maneno yanamtoka na kicheko juu. Aliweka karanga mezani, akakaa, akatuuliza ni nani aliyesema apulize moto mbele ya kamera, maana moshi ule ulimliza siku nzima. Karani akajitaja. Akamuuliza ni nani wa mlangoni. Tukamtazama bwana shamba.

“Ile ya mlangoni naipenda,” akasema. “Ile ndiyo mimi. Ila mama naye msimlaumu. Nyie mkitaka kuniona mnaniona.”

Kisha akasema mama akiita mtu, mtu huenda. Yeye kwa hali yake asingeweza kupanda lori. Karani hakuweza kuacha stesheni. Bwana shamba alikuwa na ziara ya mashamba ya mihogo mwambaoni, ambayo nadhani aliisogeza mbele kidogo. Mimi nikaomba siku zangu za mapumziko. Tukapanda lori na fundi, juu ya magunia ya mahindi, kiangazi, vumbi jekundu limetugeuza sote kuwa ndugu wa baba mmoja, na utingo mbele yetu akiimba.

Njiani fundi alitupa habari nyingine. Kwao mkwe haangaliwi usoni. Yeye asingeingia kwa mama mkwe wala kukaa naye sehemu moja. Angefikia kwa mjomba wa mkewe, amsalimie mama kutoka nyuma ya ukuta, basi. Bwana shamba akauliza kwa hiyo utetezi wote ni wetu. Fundi akasema ndiyo, na akalala.

Tulifika jua linaelekea ng'ambo ya ziwa. Mama mkwe nilimtarajia mkubwa, kwa jinsi utingo alivyomtolea sauti. Alikuwa mdogo, mwembamba, anatembea haraka, na harufu ya migebuka, samaki wa ziwa lile, ilikuwa kwenye kila kitu cha ua wake. Tulimwamkia. Aliitikia, akatuletea maji ya kunawa na ugali wa muhogo na samaki, na hakusema neno la picha mpaka tulipomaliza na vyombo vikaondolewa. Ndipo akatuingiza ndani.

Picha zote zilikuwa ukutani. Alikuwa amezibandika kwa uji wa unga, mstari mmoja, kuanzia ile ya kwanza baada ya harusi. Mwisho wa mstari kulikuwa na nafasi, halafu zile tatu za ushauri wetu, zimewekwa peke yake kama wagonjwa wa kuambukiza.

Akatuuliza nani kati yetu alisema mwanawe akatwe.

Bwana shamba akajibu ni yeye. Akaanza kwa utaratibu wake: akasifu nyumba, akasifu jinsi picha zilivyopangwa. Kisha akaeleza kwamba tulitaka uso uonekane vizuri, maana uso ndio mtu. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Uso wa mwanangu naujua,” akasema. “Nilikuwa nao kabla yenu. Ninachotaka kujua ni amesimama juu ya nini.”

Akaanza kutusomea ukuta. Hapa, kwenye picha hii, kamba ya nguo ina khanga mbili mpya, kwa hiyo mume anamjali. Hapa mlango umewekwa komeo. Hapa ana ndala, na hapa ana viatu. Hapa mtungi upo kwenye kivuli, na mtungi ukiwekwa pale maana yake anayeuweka ana nafasi ya kufikiri. Hapa kuna mche wa mpapai, na hapa, miezi baadaye, mpapai unamfika kiunoni. Nilijisikia vibaya kidogo, kwa sababu ile kamba ya nguo tulikuwa tumemwambia fundi aiondoe. Tulisema inavuruga.

Lakini hakuwa sahihi kwa kila kitu, na hilo lilituokoa. Alionyesha mstari mweupe juu ya paa kwenye picha mojawapo akasema hapo nyumba inavuja, na mkwe wake analijua hilo na amekaa kimya. Bwana shamba akaitoa miwani, akasogea, akamweleza kwamba ule ni mkwaruzo wa mkanda, umetokea Tabora. Mama hakuamini. Ikabidi nitoe picha zangu mwenyewe kwenye mkoba nimwonyeshe paka wa stoo ya dawa akiwa na mstari uleule mgongoni. Akamtazama paka, akalitazama paa, akacheka kwa mara ya kwanza, na kicheko kilikuwa cha binti yake kabisa.

Kwa nyuma ya ukuta tukasikia fundi akikohoa. Alikuwa pale muda wote.

Asubuhi nikamwomba nimpige picha ampelekee mwanawe. Akakubali kwa masharti yake: asimame, miguu ionekane, na nyuma yake kiwepo kichanja cha samaki chote, si nusu. Alivaa doti mpya. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka nikawa nimesimama majini, na nikaipiga alivyotaka. Alikuwa mkavu vilevile kama binti yake mbele ya nyumba. Nikamwambia imetosha, akapumua, na wakati huohuo kuku wakapanda kichanjani. Akageuka kuwakemea. Nikasogea karibu nikapiga ya pili kabla hajarudisha uso. Nikamwambia nimepiga mbili. Akauliza ya pili ina miguu? Nikasema haina. Akasema basi hiyo utaiona mwenyewe na mwanangu.

Tuliporudi mkanda ukaenda Tabora. Ulipokuja, tulikusanyika kwa bwana shamba na mke wa fundi akiwa katikati yetu. Nilimpa kwanza ile ya kusimama. Sisi tulitazama sura ya mama. Yeye hakuitazama sura hata kidogo.

“Uzio wa jikoni umeanguka,” akasema. “Nani siku hizi anamkatia fito?”

Na pale pale akamgeukia mumewe, wakapanga kumtumia mtu wa kujenga uzio. Bwana shamba alinitazama juu ya miwani. Halafu nikampa ile ya pili, mama kageuka, mdomo wazi, jua limemshika shavu moja na lingine limo kivulini, kitambaa kimeteleza. Aliishika kwa mikono yote miwili. Hakusema kuhusu kuungua wala kupigwa. Hakuiweka chini hadi karanga zikaisha mezani, halafu akatuambia zote mbili anazichukua, tusimwombe hata moja.

Toka siku hiyo mazungumzo yetu yalibadilika. Hatukuacha kuanza na kilichoota, wala hatukuacha magugu. Lakini kabla ya yote mtu alipoweka picha mezani tulimuuliza inakwenda kwa nani. Karani alijibu mara nyingi kwamba haiendi kwa mtu, ni yake, na basi tukaitazama kwa namna hiyo. Fundi akawa anapiga mbili: moja ya ziwani, yenye ndala na mtungi na mpapai, na nyingine ya kwetu. Ile ya kwetu ikazidi kuwa nzuri kadiri miezi ilivyokwenda. Mke wake alikuwa ameanza kuigeuza kazi hiyo mchezo: anajificha nyuma ya mpapai, anamtolea ulimi, na sisi tunakaa barazani tunabishana kwa dhati kabisa kuhusu mwanga kwenye ulimi wa shemeji yetu.

Alijifungua mtoto wa kike, nikiwa zamu. Picha ya mtoto yule haikuwa ya fundi peke yake. Tulikwenda wote wanne na kamera zetu, tukabanana chumbani, karani akishika shuka jeupe dirishani kulainisha jua, bwana shamba akinong'ona tusisahau miguu. Tukachagua moja kwa kupiga kura. Mtoto alikuwa amelala juu ya khanga, miguu yote miwili imetokeza, vidole vyake unaweza kuvihesabu, na mkono wa mama yake umemwekea kivuli usoni. Tuliona haina kasoro. Tukampa utingo kwa mikono miwili.

Lori liliporudi tulikuwa tunasubiri mashineni, sote, hata karani aliyetoroka stesheni. Utingo alishuka, akasimama mlangoni, akasafisha koo. Kisha akasema safari hii hana ujumbe. Akazunguka nyuma ya lori, akamsaidia mwanamke mdogo mwembamba kushuka kutoka juu ya magunia, na kapu la migebuka iliyokaushwa likafuata. Fundi alimwona mkwe wake akaingia nyuma ya mashine na hakuonekana tena mpaka jioni.

Bwana shamba alimwamkia, na kwa kuwa hakuweza kuvumilia akamuuliza kama picha ilikuwa na tatizo. Mama akasema haina tatizo lolote. Akasema ameitazama usiku na mchana, na mtoto kila mara amelala, haamki.

Alikaa Mpanda mpaka mpunga ukapandwa. Jumamosi alikuja barazani na mjukuu mgongoni, akakaa kwenye kiti cha bwana shamba, na akazipitia picha zetu moja moja. Kwa karani aliuliza yule anayepunga anaagana na nani, na karani, ambaye alikuwa hajui, akaanza tangu hapo kuwauliza abiria. Kwa bwana shamba alisema mahindi mazuri lakini mwenye shamba yuko wapi. Kwangu alisema neno moja tu: paka. Fundi kwa desturi yao hakuweza kukaa nasi, akawa anakaa upande wa pili wa nyumba, kwenye kigoda, kwa hiyo picha zake tulizipokea kwa kupenyeza mkono kwenye kona ya ukuta, tukamwekea mama mapajani, na akishasema alichoona tulimsikia fundi huko nyuma akiitikia, ndiyo mama, nimesikia mama, kesho nitarudia.